Dramukoo kwenye sinema: maswali mnayoniuliza kila Agosti

Kila ikifika mwisho wa Julai simu yangu haipumui. Yote sababu ya picha moja niliyorusha mwaka juzi, nimekaa sinema nimevaa tisheti ya Bluecoats, timu yangu, bisi mapajani, mdomo wazi kama nimeona jini. Watu wakadhani ni filamu. Sio filamu jamani, ni mashindano ya ngoma na matarumbeta yanarushwa laivu kutoka Indianapolis mpaka kwenye majumba ya sinema huku na huku Marekani, na mimi naishi Ohio kwahiyo naenda. Nimejibu inboksi mpaka vidole vimeota sugu, sasa nimeyakusanya hapa, ukiniuliza tena lililomo humu nakutumia linki tu na usinune.

Dramukoo ndo nini hasa?

Chukua halaiki, ile ya sherehe za kitaifa watoto wanajipanga uwanjani wanachora ramani na mwenge, changanya na bendi ya polisi ikiwa kwenye siku yake nzuri, ongeza matarumbeta ya harusi za Dar yale yanayopigwa nyuma ya pikapu, alafu wape vijana wasiozidi miaka 21 wafanye mazoezi kutwa nzima juani wiki kadhaa mpaka kila unyayo unajua unakanyaga wapi. Hapo umekaribia.

Koo moja kubwa, yani timu moja, ina vijana zaidi ya 150. Kuna wa matarumbeta, shaba tupu kuanzia yale madogo mpaka lile tuba linalobebwa begani kama gunia la mkaa, hamna filimbi wala saksafoni hata moja. Kuna wa ngoma za kutembea nazo, ndogo zile kali, zile zilizofungwa nne tano kifuani kwa mtu mmoja, na besi ambazo kila mpigaji anapiga kipande chake tu cha mdundo lakini ukisikiliza unaapa ni mtu mmoja. Wapo wasiotembea, wanakaa mbele kabisa na marimba, vibrafoni, timpani na siku hizi vinanda vya umeme na maiki (maiki ziliruhusiwa 2004, vinanda vya umeme 2009, na kuna wazee mpaka leo hawajasamehe). Alafu kuna kala gadi, hao wana bendera, wana panga, na wana bunduki za mbao wanazirusha juu zinazunguka zinazunguka zinadakwa kama vile mtu anapokea chenji ya daladala.

Onyesho zima ni dakika 10 mpaka 12 hivi. Mwaka mzima wa maandalizi kwa dakika 12.

Na hayo marimba, kabla hujaniuliza, ndio, ni neno la kwetu Wabantu, limevuka bahari na watu wetu likaenda kukaa Amerika ya Kati na leo linarudi kwenye skrini Ohio na mtangazaji analitamka vizuri kuliko jina langu.

Mbona unasema "koo"? Koo la kumezea?

Kwa Kiingereza inaandikwa drum corps, hizo herufi mbili za mwisho hazitamkwi, sikioni inabaki koo. Na sio mimi niliyeanza kulibana neno hili, Kariakoo unayoendaga kununua mitumba ndo hilo hilo, ni Carrier Corps ya Waingereza, wale wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, ikapita midomoni mwetu ikatoka Kariakoo. Kwahiyo dramukoo ni ndugu yake Kariakoo. Alafu inafaa zaidi ya hapo maana hizi timu kweli zina tabia za koo, mtu akishapita kwenye koo ya Blue Devils au ya Boston Crusaders basi yeye ni wa humo mpaka anazeeka, utamkuta sinema babu wa miaka 65 kavaa jaketi lake la 1978 halifungi tumboni ila kalivaa.

Tofauti na bendi ya shule ya mwanangu ni ipi?

Bendi ya hai skuli ni ya shule, ina filimbi na klarineti, inapiga mapumziko ya mechi. Dramukoo haina shule, vijana wanatoka majimbo tofauti na hata nchi tofauti wanafanyiwa usaili, wanahama na mabasi kiangazi kizima, wanalala chini kwenye ukumbi wa michezo wa shule wanazopewa njiani, wanakula kutoka kwenye lori la jiko. Kuanzia mwisho wa Juni mpaka wiki ya pili ya Agosti wanazunguka nchi wanashindana karibu kila usiku. Ukitaka kuelewa ukubwa wa tofauti, mpwa wangu anapiga bendi ya shule na anajiona mkali, nilimpeleka sinema mara moja akarudi nyumbani kimya, kesho yake nimeamka nakuta anafanya mazoezi saa moja asubuhi siku ya likizo.

Haya mashindano ni ya nani?

Chombo kinaitwa Drum Corps International, watu wanasema DCI. Zamani hizi koo zililelewa na maskani za maaskari wastaafu, manake baada ya vita vya dunia wanajeshi walirudi na tarumbeta na ngoma wakaanza kufundisha vijana wa mtaani, na makanisa nayo yalikuwa na zake. Hao wastaafu ndo waliokuwa wanapanga sheria na pesa. Viongozi wa koo wakachoka, 1971 wakajitenga wakaunda chombo chao, na 1972 wakafanya ubingwa wa kwanza mji mdogo unaitwa Whitewater, jimbo la Wisconsin, wakachukua Anaheim Kingsmen wa California. Tangu 2009 ubingwa uko Indianapolis ndani ya Lucas Oil Stadium, ule uwanja wa Colts, timu ya mpira wa Kimarekani, wenye paa linalofunguka. 2020 haukufanyika sababu ya korona, 2021 walikutana wakapiga bila kushindania taji.

Na sinema imeingiaje hapo?

2004 ubingwa ulikuwa Denver, wakajaribu kurusha usiku wa robo fainali laivu kwenye majumba ya sinema. Ikakubali. Inaitwa Big, Loud and Live na inaletwa na Fathom, kampuni ya kurusha matukio maalum, hao hao wanaoletaga opera na filamu za kale kwa usiku mmoja. Ndo maana utaikuta kwenye sinema za kawaida tu, AMC, Regal, Cinemark, pembeni ya ukumbi unaoonyesha katuni.

Fikiria lakini. Marekani ni kubwa, mtu wa Montana kwenda Indianapolis ni ndege na hoteli na chakula. Sinema iko dakika 20 kutoka kwake.

Ni lini na saa ngapi?

Wiki ya ubingwa ni Agosti, mara nyingi wiki ya pili. Alhamisi ni mchujo, Ijumaa nusu fainali, Jumamosi fainali. Ya sinema ni Alhamisi. Kwa kawaida inaanza saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za mashariki ya Marekani, na kwa sababu ni laivu California wao inawakuta saa tisa na nusu alasiri, wengi wanaomba ruhusa kazini wanasema wanaenda kwa daktari wa meno.

Tafadhali mlioko huku, tiketi imeandikwa 6:30 PM. Hiyo ni saa kumi na mbili na nusu ya kwetu. Kuna dada mmoja nilimwambia kwa mdomo "saa kumi na mbili na nusu" akaweka kwenye simu 12:30, akafika sinema mchana kweupe akanipigia simu anafoka. Saa zetu na saa zao tuwe tunaandika.

Tiketi napata wapi?

Kwenye apu ya sinema yenyewe au tovuti ya Fathom, unaweka posta kodi yako unaona ukumbi wa karibu. Sio kila sinema inaonyesha, na mpango wa mwaka unaweza kubadilika, kwahiyo angalia mapema usije ukavaa ukafika ukakuta katuni. Bei iko juu kidogo ya filamu ya kawaida, mimi ya mwisho nililipa karibu dola 20. Siti unachagua. Chagua katikati, safu za juu juu, nitaeleza kwanini huko chini.

Inachukua muda gani? Naweza kuchelewa kidogo, si kuna matangazo?

HAPANA. Hili nalijibu kwa herufi kubwa maana liliniuma mimi mwenyewe. Mara yangu ya kwanza nilijua sinema zina nusu saa ya trela na tangazo la soda, nikatembea taratibu, nikapanga foleni ya bisi, naingia nakuta koo ya kwanza inamalizia noti ya mwisho na ukumbi mzima umesimama. Hii ni laivu, uwanjani hawakusubiri wewe.

Muda ni masaa manne, yanakaribia matano. Wanaonyesha koo za juu kama 15 za usiku huo, moja inaingia nyingine inatoka, katikati kuna mahojiano na vipande vya mazoezi na mapumziko. Ukitaka kwenda msalani nenda wakati watangazaji wanaongea, sio wakati wa ngoma. Na beba sweta. Sinema za huku wanawasha kiyoyozi kama wanahifadhi samaki.

Usiku huo bingwa anajulikana?

Hajulikani, na hapa wengi huwa wanalalamika, "nimekaa masaa yote nisione kombe". Alhamisi ni mchujo, 25 za juu zinaenda nusu fainali, 12 zinaenda fainali Jumamosi. Ila usidharau Alhamisi. Kwanza unaona koo nyingi zaidi, pili ndo usiku vijana wanapiga wakiwa na njaa, wale wa nafasi ya 11, 12, 13 wanapigania kuingia Jumamosi kama watu wanaogombania siti ya mwisho ya basi la Tanga sikukuu.

Na pointi za Alhamisi sio msahafu. 2008 Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walikuwa nyuma ya Blue Devils mpaka usiku wa kuamkia fainali. Jumamosi wakapata 98.125, Blue Devils 98.100. Tofauti ni 0.025! Hiyo hata mizani ya dhahabu inaikosa. Watu walioona usiku ule wakikusimulia utadhani wanasimulia kuzaliwa kwa mtoto wao wa kwanza.

Pointi zinatolewaje?

Jumla ni 100. 40 ni za mvuto wa jumla, yani onyesho limekugusaje na limepangwaje. 30 za macho, kutembea, mistari, kala gadi. 30 za muziki, matarumbeta, ngoma, na vyote vikiwa pamoja. Majaji wengine wako juu jukwaani, wengine wako chini kabisa uwanjani wanapita katikati ya vijana wanarekodi maoni yao kwa sauti, kwahiyo ukiona mzee mwenye kofia anakimbia kukwepa tuba usicheke, yuko kazini.

Hakuna aliyewahi kufika 100. Aliyekaribia zaidi ni Blue Devils 2014, 99.65.

Nani nimshangilie?

Swali gumu, nishapoteza marafiki hapa. Blue Devils wa Concord, California ndo Simba na Yanga kwa pamoja, mpaka 2023 walikuwa na mataji 21, ukiwapenda una raha na ukiwachukia una wenzako wengi. Mimi ni wa Ohio nashangilia Bluecoats wa Canton, walichukua 2016 na wakarudia 2024, na sitaki mjadala. Santa Clara Vanguard ndo waliochukua 2018, kisha 2023 hawakushiriki kabisa sababu ya pesa, 2024 wakarudi na siku ile walivyoingia kwenye skrini mama mmoja pembeni yangu alilia kabla hata hawajapiga noti. The Cadets walioanza 1934 New Jersey wao ndo basi, walifunga 2024. Kwahiyo ukiona mtu kavaa tisheti yao ya rangi ya damu ya mzee mpe pole kwanza.

Kama huna ukoo, shangilia yeyote. Hakuna kuzomea, hilo ni mwiko kabisa, hata mpinzani akidondosha bunduki ukumbi unamtia moyo.

Mimi sijui chochote, niangalie nini?

Usijaribu kuangalia kila kitu, utachoka. Mimi nilianza hivi, koo ya kwanza nikaangalia miguu tu. Miguu tu! Angalia jinsi wanavyorudi nyuma kwa kasi wanapuliza tarumbeta na bega halitikisiki, kiunoni kwenda chini mtu anakimbia, kiunoni kwenda juu yuko kama amekaa sebuleni. Hapo ndo utaelewa kwanini wanalala wamechoka. Koo ya pili nikaangalia ngoma. Ya tatu kala gadi, hasa vitu vinavyorushwa. Ya nne nikaacha kuangalia nikafumba macho. Baada ya hapo macho yenyewe yanajua pa kwenda.

Kingine, kuna wakati kwenye kila onyesho wanapunguza, sauti inashuka mpaka unasikia kiyoyozi, mara nyingi mpiga tarumbeta mmoja anabaki peke yake. Subiri. Baada ya hapo wanageuka wote wanatazama jukwaa, shaba zote zinainuka, na kinachofuata kinapita kifuani sio masikioni. Usiwe na bisi mdomoni wakati huo. Nakwambia kwa uzoefu.

Sinema na uwanjani, ipi bora?

Hili ndo swali lenyewe na nimelifikiria sana.

Dramukoo imetungwa ionwe kutoka juu. Yule anayepanga maumbo anapanga kwa ajili ya mtu aliyekaa jukwaa la juu, huko ndo unaona mduara unafunguka unakuwa mstari, mstari unavunjika unakuwa kitu kama wimbi, watu 150 na hakuna aliyegongana. Sasa sinema kuna mtu anachagua kamera. Akichagua kamera ya juu uko peponi. Lakini waongoza kamera wanapenda nyuso, na kuna mara umbo zima linafunguka, lile la mwaka mzima, na wewe unaonyeshwa pua ya kijana wa timpani. Ukumbi mzima unaguna. Nimeshawahi kusikia mtu anaiambia skrini "rudi juu bwana!" kama anamwambia dereva.

Ila hizo nyuso nazo, sikiliza. Uwanjani ukiwa juu vijana ni nukta. Kwenye skrini unaona mdomo unavyotetemeka baada ya kupuliza dakika kumi, unaona jasho linadondoka kwenye marimba, unaona binti wa kala gadi anadaka panga alafu sekunde moja tu anatabasamu kisirisiri kabla ya kurudisha uso wa kazi. Hicho uwanjani hukipati hata ulipe siti ya bei gani. Na noti ya mwisho ikiisha kamera inabaki kwa wale ambao umri umeisha, mwakani hawarudi, wanajikaza wasilie na wanashindwa.

Sauti ni hivyo hivyo, ina pande mbili. Lucas Oil lina paa na likifungwa sauti inazunguka inarudi, wazee wanalalamika kila mwaka mwangwi unakula ngoma. Sinema maiki ziko karibu, unasikia kila fimbo. Lakini spika ni spika, ule upepo wa shaba mia mbele yako haupiti kwenye waya. Nilienda uwanjani mara moja, nafasi ya juu kabisa, na wakati koo ya kwanza ilipogeuka ikapiga nilihisi shati limesogea. Sinema halijawahi kusogea.

Kwahiyo jibu langu ni anza na sinema. Ni rahisi, ni karibu, na umezungukwa na watu wanaojua watakaokueleza bila wewe kuuliza. Ukishaumwa ugonjwa, uza kitu uende Indianapolis.

Na ile ya siti, ukikaa safu za mbele kamera ya juu ikija huwezi kuona pembe zote za uwanja, shingo inaota kibiongo. Katikati juu.

Watu wanapiga kelele sinema? Mimi nina aibu.

Wanapiga. Wanasimama. Wanapiga makofi kwa watu ambao hawawasikii, wako majimbo matatu mbali, na hakuna anayeona ajabu. Mara ya kwanza utajiona mjinga, ikifika koo ya tatu utajikuta umesimama. Unachotakiwa kuchunga ni kimoja, ile sehemu ya kimya niliyosema, hapo hakuna kuongea wala kufungua pakti ya chipsi, utaangaliwa jicho mpaka urudishe chipsi dukani. Kurekodi na simu pia hairuhusiwi.

Watoto je?

Miaka saba nane kwenda juu wanaweza, hasa wakiwa wa bendi. Mdogo zaidi ya hapo ataharibu usiku wako na wa jirani, masaa manne ni mengi. Kelele ni kubwa kweli, mletee vizuia sikio. Maonyesho mengi yana staha, vijana wa rika zote wanaangalia na wazazi wao.

Picha ikikatika?

Inaweza kukatika, ni matangazo ya moja kwa moja sio mkanda. Kuna mwaka kwenye sinema moja, sitaitaja, picha iliganda katikati ya koo niliyoisubiri mwaka mzima, tukabaki na kijana mmoja kaganda mguu juu kama korongo dakika sita nzima. Sauti ikaendelea lakini! Na unajua hatukutoka, watu wakafumba macho wakasikiliza, wale wanaojua onyesho wakawa wanatusimulia kwa kunong'ona "sasa hivi wamefungua kati, sasa kala gadi wanakuja na bendera nyekundu" kama mtangazaji wa mpira wa redio. Meneja alikuja akatupa pasi ya bure ya filamu. Ikikatika muone meneja usiku huo huo ukiwa na tiketi, ukisubiri kesho huna kesi.

Niko Dar / Mombasa / Muscat, nitaonaje?

Sinema za huko hazionyeshi hii, usizunguke mji bure. Kuna strimu ya kulipia inaitwa FloMarching, inaonyesha mashindano ya msimu na wiki ya ubingwa pamoja na fainali. Jiandae kukesha, saa kumi na mbili na nusu jioni ya Indianapolis ni saa saba na nusu usiku Afrika Mashariki na saa nane na nusu usiku Muscat, na tayari ni Ijumaa. Ukiangalia marudio baadae usishangae sauti ikizimika ghafla sehemu fulani, ni mambo ya haki miliki ya nyimbo, sio bando lako.

Ukitaka kitu cha bara letu, Afrika Kusini kuna Field Band Foundation, wameanza miaka ya 1990, wanafundisha watoto wa vitongoji tarumbeta, ngoma na kucheza kwa mtindo uliotokana na hizi dramukoo. Natamani mtu aje afungue Tanga.

Mwanangu yuko huku Marekani anataka kujiunga, inawezekana?

Inawezekana, umri usizidi 21, usaili unaanza mwisho wa mwaka kwa ajili ya kiangazi kinachofuata. Ada ni maelfu ya dola, nasema mapema usije kukaa chini. Wengi wanachangisha, wanaosha magari, wanaandika barua kwa wajomba. Kuna daraja la chini linaitwa Open Class, koo ndogo, nafuu kidogo na zinapokea wanaoanza. Na hawalipwi, watu wananiulizaga "wanapata shilingi ngapi", hawapati hata senti, wao ndo wanatoa.

Sasa si hii ni beni tu?

Aliyeuliza hili ni mzee mmoja wa kwetu Tanga na nilicheka alafu nikanyamaza, maana ana hoja. Kwa wasiojua, beni ni ngoma ya pwani, jina lenyewe ni "band" ya Kiingereza. Ilianza pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakachukua kwata na tarumbeta za wakoloni wakazigeuza kuwa zao, sare zimenyooka, vyeo vya kujipa, na mashindano ya pande mbili ambayo yaligawa mtaa. Kwetu Tanganyika zilikuwa Marini na Arinoti, Marini wa juu juu wanaojisikia, Arinoti wa watu wa kawaida, na kila upande ukitaka kumfunika mwenzie kwa mavazi, kwa ngoma, kwa kupanga mstari. Vita ya kwanza ilipopita askari wakaitawanya mpaka bara.

Ukiangalia tarehe unashangaa. Miaka ile ile maaskari wa Marekani wanarudi kutoka vitani wanaanzisha koo za ngoma na tarumbeta mitaani kwao, askari na wapagazi wa kwetu wanarudi wanapiga beni. Hawakujuana. Babu yangu alikuwa akisikia tarumbeta harusini ananyoosha mgongo kwanza ndo anageuka kuangalia, na huwa namkumbuka nikiona wale wazee wa majaketi yasiyofungwa wakisimama gizani sinema koo yao ikiingia, wananyoosha mgongo vile vile.

Kwahiyo mzee, sio beni, ila wangekutana wangeulizana habari za nyumbani.

Mwaka huu utaenda? Tunaweza kwenda pamoja?

Naenda. Safu ya tatu kutoka juu, katikati. Njooni, ila kila mtu anunue bisi yake, na ukija na tisheti ya Blue Devils kaa safu nyingine.